Somo la 8: Chini ya Mretemu

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Wafalme 18:36–46, 1 Wafalme 19:1–18, 1 Samweli 1:1–18, Mwanzo 2:7, Isaya 38:1–5, 21, Ayubu 2:11–13, Zaburi 88, 2 Wakorintho 7:5, 6, Wagalatia 6:2.

Fungu la kukariri: Zaburi 34:18. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti, na ulikariri juma hili.

Dada mmoja aliyekuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya alianza kukosa mazoezi. Alikuwa na mtoto wa miezi minne, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Baadaye akawa anafika kanisani amechelewa, anakaa benchi la nyuma, na kuondoka kabla ya ombi la kufunga. Nyumbani, usiku, hakupata usingizi hata mtoto alipolala. Moyo ulimwenda mbio bila sababu. Uji uliwekwa mbele yake ukapoa. Alimtazama mtoto wake akilia, naye akajiona hafai kuwa mama wa mtu yeyote.

Kina mama wa kanisa walimtembelea mara tatu. Waliomba kwa bidii. Mmoja akamshauri atubu dhambi iliyofichika. Mwingine akamkumbusha kwamba wako wanaolia kwa kukosa mtoto, basi yeye ashukuru. Walimpenda kweli. Lakini katika mara zote tatu hakuna aliyemwuliza analala saa ngapi, wala hakuna aliyesema, “Twende hospitali, nitakusindikiza.”

Kisa hiki ni cha mfano, lakini yapo makanisa mengi ambamo mtu wa namna hiyo ameketi benchi la nyuma. Juma hili tunajifunza kutambua sonona na ugonjwa wa wasiwasi, na kuona jinsi Mungu mwenyewe alivyomhudumia mtumishi wake aliyetamani kufa.

JUMAPILI
Nabii Aliyechoka

Soma 1 Wafalme 18:36–46 na 19:1–4. Ni mabadiliko gani unayoyaona kwa Eliya kati ya sura hizi mbili?

Juu ya mlima Karmeli, Eliya alisimama peke yake mbele ya manabii wa Baali, na moto ukashuka. Aliomba mvua, na mvua ikanyesha baada ya ukame mrefu. Akakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha ujumbe mmoja tu kutoka kwa Yezebeli ukamfanya atoroke kuokoa maisha yake.

Alikwenda hadi Beer-sheba, mbali kusini katika Yuda. Hapo akamwacha mtumishi wake. Akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amtoe uhai, kwa kuwa alijiona si bora kuliko baba zake waliomtangulia.

Hatuwezi kumpima Eliya kwa vipimo vya hospitali za leo. Lakini mambo yanayotajwa katika mafungu haya yanafahamika kwa kila muuguzi wa afya ya akili: hofu iliyomzidi nguvu, uchovu, kujitenga na watu, kujidharau, kutamani kufa. Na mtu aliyepatwa na haya hakuwa mwongofu mpya. Alikuwa ametoka tu kujibiwa maombi mbele ya taifa zima.

Kwa hiyo hoja kwamba mtu mwenye imani ya kweli hawezi kufika mahali pa giza haina msingi katika Maandiko. Eliya alifika hapo akiwa bado nabii, na Mungu hakumnyang'anya wito wake kwa sababu hiyo.

Tafakari: Kwa nini hali ya namna hii inaweza kumpata mtu mara baada ya ushindi au kazi kubwa ya Mungu? Kanisa lako huwafanyia nini viongozi wake baada ya mahubiri ya hadhara au makambi kwisha?

JUMATATU
Kuzitambua Dalili

Soma 1 Samweli 1:6–16. Eli aliona nini kwa Hana, na alikosea wapi?

Hana alilia, akakataa kula, na mwaka baada ya mwaka uchungu wake ulirudi palepale. Alipoomba moyoni midomo ikitikisika bila sauti, kuhani akamdhania amelewa. Eli alikuwa mtu wa Mungu, naye alikaa karibu kiasi cha kuona midomo ya mwanamke huyu. Hata hivyo alitoa hukumu kabla ya kuuliza. Lakini alipoelezwa, alibadili maneno yake na kumpa amani. Wengi wetu tunahitaji kufanya vivyo hivyo.

Huzuni ya kawaida ina sababu inayoonekana, na kwa kawaida hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Anayeomboleza hulia, lakini bado kuna saa anacheka akimkumbuka marehemu. Sonona ni tofauti. Wataalamu huangalia kama mtu, karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, amekuwa na huzuni nzito au amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Pamoja na hayo huangalia dalili nyingine:

• Kukosa usingizi, kuamka alfajiri na kushindwa kulala tena, au kulala kupita kiasi.
• Kupoteza hamu ya chakula na kukonda, au kula kuliko kawaida.
• Uchovu usioisha hata baada ya kupumzika.
• Kushindwa kukaza mawazo katika kazi, masomo au hata kusoma Biblia.
• Kujilaumu kupita kiasi na kujiona hafai.
• Kufikiria kifo au kujidhuru.

Ugonjwa wa wasiwasi nao una sura yake. Hofu hukaa kwa miezi hata pasipo hatari, au huwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Misuli hukaza, tumbo husokota, mikono hutoka jasho, moyo hwenda mbio. Wengine hushikwa ghafla na hofu kali, pumzi ikabana, wakadhani wanakufa. Baada ya dakika kadhaa hali hutulia. Mara nyingi magonjwa haya mawili humpata mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Katika mazingira yetu wagonjwa wengi hawaji wakisema wana huzuni. Husema kichwa kinauma, kifua kinabana, mwili unawaka moto, au “nina mawazo mengi.” Wanaume wengine huonyesha hasira na kuanza kunywa pombe. Wanawake wengine huanza kuugua wakiwa wajawazito au miezi michache baada ya kujifungua. Wala si watu wachache: Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 ulimwenguni wana sonona, na walio na magonjwa ya wasiwasi ni wengi zaidi ya hao.

Tafakari: Ni maneno gani yanayotumika katika lugha ya nyumbani kwenu kumweleza mtu mwenye hali hii? Je, maneno hayo yanamsaidia kusema, au yanamnyamazisha?

JUMANNE
Mkate Kwanza

Soma 1 Wafalme 19:5–8. Orodhesha kila jambo ambalo Mungu alimfanyia Eliya katika mafungu haya. Ni jambo gani ambalo hakulifanya?

Eliya alilala. Malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamgusa tena, akamlisha tena, akitambua kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake.

Hakuna karipio hapa. Malaika hakumkumbusha Karmeli. Hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Wala Mungu hakumjibu ombi lake la kufa. Neno la Mungu kwa Eliya lilikuja baadaye, Horebu, baada ya siku arobaini. Kwanza kulikuwa na mguso, usingizi, chakula na maji.

Soma Mwanzo 2:7. Fungu hili linatusaidiaje kuelewa kwamba akili inaweza kuugua?

Waadventista hufundisha kwamba mwanadamu hana nafsi inayoelea ndani ya mwili kama ndege ndani ya tundu. Mavumbi na pumzi ya Mungu vilipoungana, mtu akawa nafsi hai. Mwili, akili na roho ni mtu mmoja. Ikiwa ni hivyo, ubongo ni kiungo cha mwili kama moyo na figo, nao waweza kuugua. Kurithi katika ukoo, kufiwa, kudhulumiwa utotoni, ugonjwa wa muda mrefu, deni, vita, mabadiliko ya mwili baada ya uzazi: mambo mengi hukutana ndani ya mtu mpaka anaelemewa. Mafundisho yetu wenyewe yangepaswa kutufanya tuwe wa kwanza kulielewa hili.

Soma Isaya 38:1–5, 21. Hezekia aliomba akilia, na Mungu akaahidi kumwongezea miaka kumi na mitano. Kisha Isaya akaagiza nini?

Aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa na Mungu mwenyewe, na bado dawa ikatumika. Hezekia hakuambiwa achague kati ya maombi na tini. Mwenye kisukari anapomeza dawa zake hakuna anayemwambia amemwacha Mungu. Basi mwenye sonona asihesabiwe kwa mizani nyingine.

Tafakari: Ungekuwa malaika aliyetumwa kwa mgonjwa wa mtaa wenu, mkate na gudulia la maji vingekuwa nini katika nyumba yake?

JUMATANO
Njia ya Tiba

Soma Mathayo 9:12. Yesu alichukulia jambo gani kuwa la kawaida kuhusu mgonjwa na tabibu?

Wengi huchelewa kutafuta tiba kwa sababu ya aibu. Majina ya Mirembe, Dodoma, na Mathari, Nairobi, hutumiwa mitaani kama matusi, na mtu huogopa kwamba akionekana kwenye lango la hospitali ya namna hiyo hataolewa au hatapewa kazi. Lakini safari ya tiba haianzii huko kwa wagonjwa walio wengi. Huanzia zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Mgonjwa anaweza kumweleza muuguzi au daktari kwa maneno rahisi: “Sijalala vizuri kwa majuma matatu, sina hamu ya kitu, na nina hofu nisiyoielewa.”

Daktari atauliza maswali mengi. Huenda akapima damu, kwa sababu upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu, hofu na huzuni zinazofanana na magonjwa haya. Baada ya hapo kuna njia mbili kuu za tiba, na mara nyingi huenda pamoja.

Ya kwanza ni ushauri wa kitaalamu. Mgonjwa hukutana na mtaalamu mara kwa mara, akajifunza kuyatambua mawazo yanayomwangusha, kuyapima kama ni ya kweli, na kurudia shughuli zake hatua kwa hatua. Mtu anayejiambia kila asubuhi, “Mimi ni mzigo kwa watu wote,” hufundishwa kulihoji wazo hilo kabla ya kulikubali. Sonona isiyo kali, na magonjwa mengi ya wasiwasi, huweza kutibiwa kwa njia hii pekee.

Ya pili ni dawa. Dawa za sonona, kama fluoksetini, hazifanyi kazi siku ileile kama dawa ya maumivu. Huchukua majuma kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na siku za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu au kuvuruga usingizi. Wengi hukata tamaa hapo na kuziacha. Wengine hupata nafuu, wakadhani wamepona, wakaziacha ghafla, na ugonjwa ukarudi. Kwa kawaida daktari hutaka mgonjwa aendelee kwa miezi kadhaa hata baada ya kujisikia vizuri, kisha kipimo kipunguzwe taratibu. Mama anayenyonyesha amweleze daktari, ili apewe dawa inayomfaa. Na dawa ya mtu mwingine isitumiwe hata kama dalili zinafanana.

Je, jua, hewa safi, mazoezi, maji, chakula bora, pumziko na kumtumaini Mungu vina nafasi? Vina nafasi kubwa. Kutembea kila siku na kulala kwa saa za kawaida husaidia sana. Pombe, ambayo wengine huikimbilia, huzidisha sonona. Lakini mtu aliyeugua sana hana nguvu hata ya kuinuka kitandani. Kumwambia afanye mazoezi na kumwacha hapo ni sawa na kumwonyesha Eliya barabara ya Horebu bila kumpa mkate.

Tafakari: Ni nini kinachomzuia mtu wa kanisa lako kwenda kutibiwa: aibu, nauli, au maneno ya ndugu wa imani? Kipi kati ya hivyo mnaweza kukiondoa juma hili?

ALHAMISI
Mtu wa Kukaa Naye

Soma 1 Wafalme 19:9–18. Mungu alimwuliza Eliya swali gani, na mara ngapi?

Mungu alimwuliza mara mbili anafanya nini pale, na mara mbili Eliya akatoa malalamiko yaleyale. Mungu hakuchoka kumsikiliza. Kisha akamweleza ukweli ambao Eliya hakuweza kuuona akiwa peke yake: walikuwapo watu elfu saba ambao hawakumpigia Baali magoti. Akampa kazi anayoiweza, na akampa Elisha. Yule aliyemwacha mtumishi wake Beer-sheba sasa hakutakiwa kutembea peke yake tena.

Soma Ayubu 2:11–13 na 2 Wakorintho 7:5, 6. Rafiki humsaidiaje mtu aliyeumia?

Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipoanza kumtafutia dhambi ndipo walipokuwa wasumbufu. Paulo naye, alipobanwa kila upande na hofu ndani yake, alifarijiwa na Mungu kwa kuja kwa Tito. Faraja ya Mungu ilifika kwa miguu ya mtu.

Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Bibi hao walifundishwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza kulitatua. Wagonjwa wengi walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Karibu sawa na “mawazo mengi” ya kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Njia hiyo imefika hata Malawi na Zanzibar. Bibi hao hawachukui nafasi ya daktari. Huwasikiliza watu, na waliozidiwa huwapeleka mbele kwa wataalamu.

Kuna jambo moja lisilongoja. Mtu akisema kwamba afadhali afe, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, aulizwe waziwazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani; mara nyingi humfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake. Dawa za kunyunyizia mimea, sumu ya panya, kamba na vidonge viondolewe karibu naye. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku, hata ikiwa ni Sabato. Yesu aliponya siku ya Sabato. Na wewe unayesoma somo hili, ikiwa mawazo hayo ni yako, mwambie mtu mmoja leo kabla jua halijazama.

Tafakari: Soma Wagalatia 6:2. Ni mzigo gani wa mgonjwa unaoweza kuubeba kwa mikono: kumfulia, kumshikia mtoto, kumlipia nauli, kuketi naye kwenye foleni?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Zaburi 88 yote. Zaburi hii haimaliziki kwa furaha. Neno lake la mwisho ni giza. Hata hivyo imewekwa katika kitabu cha sifa cha watu wa Mungu. Aliyeiandika bado alikuwa akiomba.

Mwezi Agosti 1865 James White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, alipatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 44, baada ya miaka mingi ya kazi bila pumziko. Mkewe Ellen alimpeleka kwenye kituo cha tiba huko Dansville, New York, wakakaa karibu miezi mitatu. Huko alikatazwa kufanya kazi yoyote, naye akazidi kukata tamaa. Ellen hakuacha kuomba, wala hakuacha kutafuta njia nyingine. Walihamia Greenville, Michigan, ambako James alianza tena kazi nyepesi za shamba, kidogo kidogo, mpaka nguvu zikarudi. Baadaye aliongoza tena kazi ya kanisa. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1866, Waadventista walifungua kituo chao cha kwanza cha afya huko Battle Creek. Tiba ya kwanza isipomfaa mgonjwa, asikate tamaa; arudi aeleze, ajaribiwe kwa njia nyingine.

Na yule dada wa kwaya? Katika mfano wetu, mama mmoja alirudi mara ya nne, akiwa na chupa ya uji. Hakuja na ushauri. Alimwogesha mtoto, akamwambia dada alale saa mbili. Alipoamka, akamwuliza, “Usiku unalalaje, mwanangu?” Dada akalia, kisha akaeleza yote. Jumatatu wakapanda daladala pamoja mpaka hospitali ya wilaya. Hakurudi kwenye kwaya mwezi huo, wala mwezi uliofuata. Lakini alikuwa kwenye dawa, alikutana na mshauri, na kila Sabato yule mama alikaa naye benchi la nyuma mpaka ombi la kufunga.

Maswali ya Kujadili

1. Mtu wa darasa lenu akisema, “Anayemeza dawa za sonona hana imani,” mtamjibuje kwa kutumia kisa cha Hezekia na cha Eliya?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumwombea mgonjwa na kumtumia maombi kama njia ya kuepuka kumhudumia?

3. Katika darasa lenu, je, mtu anaweza kusema “ninatibiwa sonona” kama anavyosema “ninatibiwa malaria”? Ni nini kinapaswa kubadilika, na nani aanze? Mgonjwa akikueleza siri hii, utailindaje?

4. Ulizeni kabla ya Sabato ijayo: ni kituo gani cha afya kilicho karibu chenye mhudumu wa afya ya akili, na huwapo siku gani? Andikeni jibu, lipewe kila kiongozi wa darasa.